Vipimo vya saikolojia: namna ya kujifunza kupima ukiwa Lamu

Mwanafunzi wa saikolojia akifika kwenye somo la vipimo, roho yake huenda moja kwa moja kwenye lile begi: vitabu vya picha, vipande vya rangi, stopwochi. Begi lingoje. Vipimo vikubwa vya akili kama vya Wechsler haviuzwi kwa mwanafunzi. Mchapishaji hutaka kwanza kuona sifa za mnunuzi, na maswali yake hayasambazwi, kwa sababu kipimo ambacho watu wameshayajua majibu yake hakina kazi tena. Utakishika chuoni, mbele ya msimamizi. Kwa sasa, uwe Langoni, Shela au ng'ambo Mokowe, unaweza kuanza na vitu vitatu: hojaji ya bure, mwongozo wake, na kalamu ya risasi.

Hojaji za bure zipo na ni za maana. PHQ-9 ya mwaka 2001 ina maswali 9 ya dalili za sonona. GAD-7 ya 2006 ina maswali 7 ya wasiwasi. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 20 ya ndiyo au la. Skeli ya Rosenberg ya 1965, yenye sentensi 10, hupima mtu anavyojithamini. Chagua moja, uimalize. Anayezirukia zote nne kwa wiki moja hutoka na majina tu.

Uisome kuanzia nyuma

Watu wengi husoma maswali kwanza. Wewe anza na majedwali ya alama yaliyomo kwenye mwongozo, na sura inayoeleza waliopimwa wakati kipimo kinatengenezwa. Walikuwa nani, wa umri gani, walisoma mpaka wapi, walipimwa kwa lugha gani, na mwaka gani? Alama ya mtu haina maana peke yake. Maana yake hutokana na kundi analolinganishwa nalo. Ukimpima kijana wa Matondoni halafu ukafungua jedwali la watoto wa Marekani, umemlinganisha na watu ambao hakukua nao wala hakusoma nao.

Mwanasaikolojia Robert Serpell alilionesha jambo hili vizuri sana mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ileile ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huuchezea kila siku wakitengeneza magari, Wazambia walishinda. Kwa udongo walikuwa sawa. Kwa hiyo kabla ya kusema mtoto hawezi, uliza kama kifaa ulichompa amewahi kukishika.

Majedwali nayo huzeeka. Huko Embu, watoto waliopimwa kwa matrisi za Raven (kipimo cha akili cha kutafuta kipande kinachokosekana kwenye mchoro) mwaka 1998 walipata alama za juu kuliko wenzao wa 1984, eneo likiwa lilelile. Ukitumia jedwali la zamani, kila mtoto wa leo ataonekana hodari zaidi kuliko alivyo.

Vipo vipimo vilivyozaliwa karibu na kwetu. Kilifi Developmental Inventory, kazi ya Amina Abubakar na wenzake, kilitengenezwa Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, na hutazama jinsi mtoto anavyotembea, kushika na kupanga vitu. Kwa mwanafunzi aliye Malindi hicho ni cha kaunti yake mwenyewe. Usikose kukisoma, hata kama hutakitumia, uone watu walivyochagua vifaa ambavyo mtoto wa huku anavijua.

Hesabu ambazo hazikwepeki

Jumla ya majibu huitwa alama ghafi. Hiyo hugeuzwa kuwa alama sanifu kwa kutazama wastani wa kundi na mchepuko sanifu, yaani kiasi watu wanavyotawanyika kuuzunguka wastani. Vipimo vingi vya akili hutumia wastani 100 na mchepuko 15. Mtu akipata 82: toa 100, unapata −18, gawa kwa 15, unapata −1.2. Maana yake, takriban watu 12 katika 100 wa kundi lile wako chini yake. Hiyo 12 si asilimia ya maswali aliyopata. Wazazi hulikosea hili sana, na wanafunzi pia.

Sasa hitilafu ya kipimo. Uthabiti wa kipimo, yaani kiasi kinavyotoa alama ileile kikirudiwa, huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Ukiwa 0.91, chukua 1 toa 0.91, ubaki na 0.09, kipeuo chake cha pili ni 0.3, zidisha kwa mchepuko 15, unapata 4.5. Zidisha tena kwa 1.96, ili upate uhakika wa 95 katika 100, ni kama 9. Kwa hiyo 82 huandikwa "82, kati ya 73 na 91". Mtoto huyo akipimwa tena akapata 86, huwezi kumwambia mama yake kwamba ameendelea. Namba zote mbili zimo ndani ya mkeka mmoja.

Hesabu ya tatu ndiyo inayowaumbua wengi. Utafiti wa awali wa PHQ-9 ulionesha kwamba kwa mpaka wa alama 10, hojaji iliwanasa 88 katika kila 100 wenye sonona, na ikawaacha huru 88 katika kila 100 wasio nayo. Inasikika vizuri. Fanya basi hesabu kwa mtaa. Tuseme una watu 1,000, na 100 kati yao wana sonona kweli. Utawanasa 88. Katika wale 900 wasio nayo, 108 watavuka mpaka kwa makosa. Jumla ya waliovuka ni 196, na wenye sonona ni 88 tu, chini ya nusu. Kipimo hichohicho ukikipeleka kliniki ambako nusu ya wanaokuja ni wagonjwa, katika 1,000 utawanasa 440 na kukosea 60, yaani 88 katika kila 100 waliovuka ni wagonjwa kweli. Hojaji ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana hojaji huchuja tu, haitoi jina la ugonjwa. Jina hutolewa baada ya mahojiano kamili na mtaalamu.

Kwa skeli ya Rosenberg kuna mtego mdogo: sentensi 5 kati ya 10 zimegeuzwa, kwa hiyo alama zake nazo hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Kama majibu ni 1 hadi 4, chukua 5 utoe jibu. Ukisahau, mwenye kujidharau na mwenye kujithamini watatoka sawa katikati. Jumlisha mara mbili, mara ya pili kuanzia chini, na ikiwezekana mwenzako ajumlishe bila kuona jibu lako.

Umri wa mtoto

Jedwali la watoto hufunguliwa kwa umri, na umri huhesabiwa kwa miaka, miezi na siku. Ukimpima tarehe 10 Machi 2025 mtoto aliyezaliwa 25 Agosti 2016, azima mwezi mmoja (siku 30) na mwaka mmoja (miezi 12): ni miaka 8, miezi 6 na siku 15. Usiukuze hadi mwezi unaofuata.

Tatizo la Lamu ni tarehe yenyewe. Anza na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, na tarehe 1 Januari itilie shaka, maana mara nyingi huandikwa pale ambapo siku haikujulikana. Mama akikwambia mwana alizaliwa Mfungo Sita, usiku wa Maulidi, amekupa habari nzuri kuliko cheti kibovu: tafuta mwaka wa Hijria, kisha ugeuze. Lakini usichukue idadi ya miaka ya Hijria kama ilivyo. Mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miaka 10 ya Hijria ni miaka 9 na miezi 8 na nusu hivi. Majedwali ya watoto hugawanywa kwa miezi michache tu. Kosa la miezi mitatu linaweza kukupeleka ukurasa mwingine.

Lugha ya swali

Kama hojaji haina Kiswahili kilichokwisha kufanyiwa kazi, usitafsiri ukiwa umeketi mbele ya mtu. Wanatakiwa watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wa tatu azioanishe, wa nne asiyeiona ya asili airudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha wote wakae watazame palipopinda. Halafu watafutwe watu kama wale watakaopimwa, wachache tu, na kila mmoja aulizwe: "Kwa maneno yako mwenyewe, swali hili linataka kujua nini?" Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofichua mengi. Bibi wa Pate aliyelelewa kwa Kipate au Kibajuni anaelewa Kiswahili cha redio, lakini kuelewa taarifa ya habari si sawa na kueleza uchovu wake.

Jihadhari na swali lenye kukanusha. SRQ-20 huuliza kama mtu analala vibaya, na Kiswahili cha haraka ni "Hulali vizuri?" Mmoja atajibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, silali. Mwingine atajibu "La", naye pia akimaanisha silali. Fomu yako itakuwa na alama 1 kwa mmoja na 0 kwa mwenzake, na hali yao ni moja. Uliza "Unapata taabu ya kulala?" na swali la chakula liwe "Hamu yako ya kula imepungua?" Pitia hojaji nzima ukiwinda kila "hu-" na "ha-".

PHQ-9 ina mtego wa aina nyingine. Majibu yake ni hakuna kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku (2), karibu kila siku (3), kwa wiki mbili zilizopita. "Nusu ya siku" wengine huisikia kama kutwa moja iliyogawanywa, asubuhi mpaka adhuhuri. Chora kwenye kadi visanduku 14 kwa safu mbili za saba, kila safu ianze Ijumaa kama leo ni Ijumaa, umwambie: "Mama, hizi ni siku tangu Ijumaa ya juzi. Katika hizi, ni ngapi ulizokuwa hivyo?" Yeye aguse, wewe uhesabu. Zaidi ya saba ni 2, karibu zote ni 3.

Kwa kazi ya kurudia tarakimu, ambapo mtu hurudia namba ulizomtajia, amua lugha ya namba kabla ya kuanza na usiibadilishe katikati. Watoto wengi wa shule hujua namba kwa Kiingereza kwa sababu hesabu wamefundishwa hivyo, na tarakimu zetu karibu zote zina silabi mbili, kwa hiyo huchukua nafasi zaidi kinywani na kwenye kumbukumbu. Tamka moja kwa sekunde, sauti sawasawa, bila kuzipanga mafungu kama mtu anavyosoma namba ya simu. Fanya mazoezi na saa ya ukutani mpaka mdomo uzoee. Mwanafunzi mgeni karibu kila mara hukimbia.

Wazee, saa na tarehe

Hapa ndipo vipimo vya kutazama kumbukumbu za wazee huharibika, na huharibika kimya kimya.

Chukua kazi ya kuchora saa. Kwa desturi mzee huombwa achore uso wa saa, aweke namba, kisha mishale ya 11:10. Wakati huo haukuchaguliwa ovyo: namba 10 iliyopo usoni humvuta mtu auweke mshale mrefu kwenye 10 badala ya 2, na kuushinda mvuto huo ni sehemu ya kinachopimwa. Mfasiri asiyefikiri huandika "saa kumi na moja na dakika kumi". Kwa mzee wa Mkomani huo ni wakati wa karibu na magharibi, na kwenye uso wa saa mshale mfupi uko 5. Akiuweka 5, mpimaji mwenye ufunguo wa Kiingereza atamhesabia kosa, na hakuna kosa. Mwingine aliyeshika namba tu atauweka 11. Ukigeuza ukasema "saa tano na dakika kumi", umelinda 11:10, lakini umemtwisha hesabu ya kugeuza saa sita mbele.

Dawa ni kuamua kabla. Andika sentensi moja utakayotamka kwa kila mtu. Kabla ya kuanza, mwoneshe saa ya mkono umuulize sasa ni saa ngapi, ujue anavyoisoma. Weka kwenye fomu nafasi zote mbili za mshale mfupi zinazokubaliwa, na mshale mrefu uupime kwa ukali. Mzee asiyewahi kuvaa saa, ambaye wakati wake huja na adhana, kazi hii haimfai, tumia nyingine.

Maswali ya "leo ni lini" yana shida hiyohiyo. Mzee akitaja mwezi wa Rajabu na tarehe yake, fungua kalenda ya Hijria kabla ya kuandika sifuri. Ukimpima baada ya magharibi ya Alhamisi akasema usiku wa Ijumaa, yuko sahihi, siku imeshaingia. Ukimuuliza majira, jibu ni kaskazi au kusi, si majira manne ya Ulaya. Ukiuliza ghorofa ya ngapi katika nyumba isiyo na ghorofa, umeuliza upuuzi. Andika jibu neno kwa neno, kisha ndipo utie alama. Jibu lililoandikwa linaweza kuhukumiwa upya na msimamizi, sifuri haiwezi.

Jambo moja zaidi kwa wazee: aliyesoma herufi za Kiarabu bila kusoma za Kirumi anaweza kuanzia kulia kwenye ukurasa wa kazi ya kutafuta vialama fulani kati ya vingine. Mwoneshe kwa kidole pa kuanzia, tena kwenye mstari wa mfano.

Mahali na wakati

Usipimie barazani wala kwenye daka. Kila apitaye atasalimia, na kila asalimiaye atasikia. Omba chumba cha ndani au darasa tupu, meza moja, viti viwili vya pembeni kwa pembeni. Kwa mwanamke, uliza mapema kama anataka mtu wa nyumbani awe karibu; awe mahali anapoonekana na asiposikia.

Angalia ratiba ya sala kabla ya kuanza sehemu yenye kuhesabiwa muda. Mjini adhana huja kutoka misikiti mingi kwa kufuatana, na kazi ya dakika mbili iliyokatwa haihesabiki. Mtoto aliyetoka shule akapitia chuoni kusoma Kurani usimpime jioni. Aliyetoka Faza muulize boti yake yaondoka saa ngapi, maana anayewaza maji kupwa hajibu swali la ishirini kama alivyojibu la kwanza.

Ramadhani tumia kusoma, si kupima. Maswali matatu ya mwanzo ya SRQ-20 ni kichwa kuuma, hamu ya kula, na usingizi. Aliyefunga, akakosa kahawa yake ya asubuhi, akaamkia daku, atajibu ndiyo matatu kabla hujaanza kumjua.

Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, uwe na jina la msimamizi atakayepokea simu saa hiyo, na ujue utampeleka wapi: hospitali ya King Fahd kwa aliye kisiwani Lamu, hospitali ya Malindi kwa aliye huko. Jibu likiwa 1 au zaidi, hata kama jumla ni ndogo, weka kalamu chini. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kama ana njia aliyoipanga, na kama ana kitu cha kutumia. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza.

Kwa sababu hiyo, mazoezi ya kwanza usiyafanye kwa majibu ya kweli ya mwenzako wa darasani. Mwandikie mtu wa kubuni, mwenye majibu yaliyopangwa, mwenzako amwigize. La sivyo, mwenzako akiwa kweli hayuko sawa, atajulikana na darasa zima kwa zoezi la hesabu.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake husajili wenye kufanya kazi hii. Mwanafunzi hupima chini ya mkono wa aliyesajiliwa, na ripoti hutiwa saini na huyo. Kwa utafiti, unahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya mtu wa kwanza, si baada.

Ripoti

Usiandike "ana akili ndogo" wala "ana sonona". Andika ulichoona: "Alipata 14 katika 27 kwenye PHQ-9, iliyosomwa kwa sauti kwa Kiswahili. Alama hii imo katika kiwango cha kati. Alikuwa katika wiki ya pili ya msiba. Inapendekezwa mahojiano kamili." Lugha iliyotumika, muda, usumbufu uliotokea na kila badiliko ulilolifanya kwenye kanuni viandikwe hata kama vinakuaibisha. Mipaka ya PHQ-9 ni 5, 10, 15 na 20, usiibuni yako.

Jina lisionekane kwenye fomu, weka namba. Katika mji mdogo hata "mke wa nahodha, watoto sita, Mkomani" ni jina. Daftari linalounganisha namba na majina likae kabati lingine, lenye ufunguo mwingine. Data za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na fomu iliyojazwa haipigwi picha kwa simu, hata ya kumtumia msimamizi kwa WhatsApp. Mpelekee mkononi.